Kidonge cha mafua, daktari wa meli, na dawa ya mjomba

Najua nimepotea wiki mbili nzima, mtanisamehe, ni tes mfululizo na bumu lenyewe lilichelewa. Leo sina umbea wa hosteli. Nina historia, tena msikimbie, siyo Mkutano wa Berlin.

Imeanza hivi. Jumatatu ya juzi usingizi ulinigomea kabisa, na kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa na tes ya saikolojia ya elimu. Mwenzangu wa chumbani akaniambia, "We meza Piriton mbili, utalala kama mtoto." Nikameza. Sikuwa na mafua, wala sikuwa nawashwa popote. Basi bwana, nimekuja kushtuka saa nne kasoro, mdomo mkavu kama chaki, karatasi zimeshakusanywa. Aliyenipa ushauri alikuwa keshafanya tes na anakunywa chai.

Nikajiuliza, hivi kwa nini dawa ya mafua imlaze mtu namna hii? Badala ya kusoma desa nikajichimbia maktaba. Nilichokikuta kimenipeleka mpaka nyumbani kwetu, kwa mjomba, na ndiyo maana naandika.

Mwaka 1937, pale Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Daniele Bovet na mwanafunzi wake Anne-Marie Staub walipata dawa za mwanzo za kuizuia histamini. Histamini ni ile kemikali ya mwili inayofanya pua ichuruzike na ngozi ivimbe. Zile za kwanza zilikuwa na sumu mno kwa binadamu, ila kufikia 1942 Wafaransa walikuwa na moja inayomezeka. Wengi enzi hizo waliitazama histamini kama jambo la pua na ngozi. Kumbe kwenye ubongo hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kutuweka macho, na antihistamini za zamani zinapenya hadi huko. Ukimeza kwa ajili ya pua, kichwa nacho kinapata mgao wake. Mimi ni shahidi.

Watu wakaanza kuona mambo ya ajabu. Mwaka 1947, huko Baltimore, Marekani, madaktari wawili wa Johns Hopkins walimpa mama mmoja mjamzito dawa mpya ya kundi hili kwa sababu ngozi yake ilikuwa inavimba. Mama akarudi na taarifa ambayo hakuna aliyemuuliza: siku hizi akipanda tramu hatapiki tena! Mwaka uliofuata wakaijaribu kwa wanajeshi kwenye meli iliyovuka Atlantiki kutoka New York kwenda Ujerumani, ikafanya kazi. Ndiyo Dramamine hiyo. Kama umeshapanda boti ya Zanzibar siku ya upepo na jirani yako ameshika mfuko, utamshukuru yule mama.

Sasa mtu wangu mwenyewe: Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la majini la Ufaransa. Mwaka 1940 meli aliyokuwemo ilizamishwa karibu na Dunkirk, akaokolewa baharini. Baada ya vita akawa anafanya kazi hospitali ya jeshi la majini karibu na Bizerte, Tunisia (Afrika hii hii, ila sikumbuki kuisikia darasani hata siku moja). Tatizo lililomnyima raha lilikuwa mshtuko wa upasuaji. Mgonjwa anapasuliwa vizuri, halafu presha inaporomoka, anakufa. Laborit aliamini kinachoua ni mwili wenyewe kujibu kwa pupa kuliko jeraha. Akaanza kuchanganya dawa za kuutuliza kabla ya kisu, na mojawapo ilikuwa promethazini, antihistamini.

Wagonjwa wakawa watulivu kupita kiasi. Hawakuwa wamelala, wala hawakuwa wamelewa, ila yale maumivu na ile hofu ni kama havikuwahusu. Daktari mwingine angeandika "mgonjwa anasinzia" akaendelea na zamu. Laborit alimwita daktari wa akili wa jeshi aje aangalie kwa macho yake. Mimi hapo ndipo ninapompa alama zake zote.

Kampuni ya Rhône-Poulenc nayo ikashtuka. Kama kusinzia ndiyo madhara, je, tukitengeneza ndugu yake ambaye hayo "madhara" ndiyo kazi yake? Desemba 1950 mkemia wao, Paul Charpentier, akaipata klorpromazini. Wakati huo Laborit alikuwa anahamia hospitali ya Val-de-Grâce, Paris, akapata sampuli.

Novemba 1951 daktari mmoja wa akili, Cornelia Quarti, akajitolea kuchomwa dawa hiyo mwenyewe. Akajisikia kama anakufa, kisha ukaja utulivu wa kutojali chochote. Aliposimama kwenda chooni akaanguka, akazimia. Kuanzia hapo wenzake wengine hawakutaka tena kuisikia. Laborit hakuacha. Akawabembeleza madaktari wa akili pale Val-de-Grâce, na Januari 1952 wakampa kijana wa miaka 24 aliyekuwa na wazimu wa kuhangaika. Baada ya wiki tatu hivi alikuwa tayari kurudi kwenye maisha yake, ingawa tuseme ukweli, alipewa na dawa nyingine pamoja na tiba ya umeme. Walioitumia peke yake, kwa mpangilio, ni Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, kuanzia masika ya mwaka huo huo. Wodi zilizokuwa na kelele na kamba zikatulia. Ikaingia sokoni kwa jina la Largactil.

Niliposoma hilo jina nilifunga kitabu.

Largactil ndiyo dawa ya mjomba. Nimekua naisikia: "Mjomba wako ameshameza Largactil?" Alikuwa mwalimu wa hesabu, akaanza kusikia sauti, akawa anatembea usiku kucha. Dawa ilimrudisha nyumbani. Lakini pia ilimfanya atembee kwa kukakamaa, mikono haichezi, mate yanamtoka pembeni, na sisi watoto (na mimi nilikuwemo, siwezi kujitoa) tulikuwa tunamfuata nyuma tukiigiza mwendo wake. Pale mtaani walisema ni pombe. Mjomba hajawahi kunywa. Kukakamaa kule kunatokana na dawa kuziba dopamini kwenye ubongo, ni jambo linalojulikana na lina dawa zake za kulegeza. Na sikiliza kituko: mojawapo ya dawa hizo ni difenhidramini, antihistamini kongwe ya mwaka 1943. Babu wa ukoo anaitwa kurekebisha alichoharibu mjukuu.

Laborit hakupata Nobel. Bovet alipata, mwaka 1957, na mwaka huo huo Laborit na Deniker walikuwa kati ya waliopewa tuzo ya Lasker. Inasemekana wakubwa wa Paris hawakufurahia kwamba mpasuaji wa melini ndiye aliyewaonyesha njia. Haya ya nani kakalia kiti cha mbele nawaachia wenyewe.

Jumamosi nilimpigia mama. Nikamuuliza mjomba bado anakakamaa? Akasema sana, hata kikombe cha chai anashika kwa mikono miwili. Nikamwambia aulize kliniki kuhusu dawa ya kulegeza, asipunguze vidonge mwenyewe hata kimoja. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hebu ongea naye mwenyewe." Mjomba akashika simu, kwa ile sauti yake ya pole pole, akaniuliza tes ya saikolojia nimepata ngapi.