Maini, Maziwa na Nuru ya Macho: Vitamini A katika Jeddah na Riyadh

Miongoni mwa vyakula vinavyoutambulisha mji wa Jeddah, bandari ya Hijazi ambayo kwa karne nyingi imewapokea mahujaji kutoka pwani ya Afrika Mashariki, kibda ina nafasi ya pekee. Ni maini yanayokatwa vipande vidogo, yakakaangwa kwa moto mkali pamoja na vitunguu, nyanya, pilipili mbichi na bizari nyembamba, kisha yakaliwa kwa mkate, hasa asubuhi. Ini, ambalo sheria ya Kiislamu imelihalalisha pamoja na wengu ingawa damu imwagikayo ni haramu, ndilo ghala la vitamini A mwilini, kiasi kwamba gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe huwa na takriban mikrogramu 5,000, ilhali mtu mzima huhitaji kati ya 700 na 900 tu kwa siku.

Faida hiyo ilijulikana kabla vitamini yenyewe haijapewa jina. Matabibu walioandika kwa Kiarabu, akiwemo Ibn Sina (980–1037), waliueleza ugonjwa wa al-asha, yaani upofu wa usiku, ambao humfanya mtu aone vyema mchana na kushindwa kuona jua linapotua, na katika tiba zake walitaja ini, kama walivyolitaja Wagiriki kabla yao. Baadhi ya maelekezo yalitaka majimaji ya ini la mbuzi yatiwe machoni, lakini kwa ujuzi wa leo ni wazi kwamba kilichoponya ni ini lililoliwa.

Sababu yake ilisubiri hadi mwaka 1913, wakati Elmer McCollum na Marguerite Davis, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, walipoonyesha kwamba panya waliacha kukua iwapo mafuta ya siagi au ya kiini cha yai hayakuwemo katika chakula chao. Miaka 20 baadaye George Wald aliikuta vitamini hiyo ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambako huungana na protini iitwayo opsini na kufanya rangi inayowezesha kuona gizani; ikipungua, rangi hiyo haijirudishi upesi. Kazi ya vitamini A, hata hivyo, haiishii machoni, kwa kuwa ndiyo inayodumisha ngozi laini inayofunika koo, mapafu na utumbo kwa ndani, na ngozi hiyo ikidhoofika maradhi hupata mlango.

Uzito wa jambo hili ulionekana waziwazi nchini Tanzania. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili, na utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba kati ya 88 waliopewa vitamini A walifariki 6, na kati ya 92 ambao hawakupewa walifariki 12, tofauti ikiwa kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalipendekeza watoto wenye surua wapewe vitamini hiyo katika nchi ambako upungufu wake ni tatizo.

Tukirudi Saudia, Riyadh, jiji la eneo la Najdi katikati ya nchi, ilipata vitamini hiyo kwa njia tofauti na Jeddah. Katika Najdi ya zamani tende zilikuwa nguzo ya mlo, lakini zina vitamini A kidogo mno, hivyo maziwa na samli ndivyo vilivyoziba pengo. Tangu miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ng'ombe yalienea Al-Kharj, kusini-mashariki mwa jiji, na maziwa yakaanza kuuzwa kwa pakiti, mengine yakiwa yamepunguzwa mafuta. Vitamini A huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo krimu ikiondolewa nayo huondoka, na ndiyo maana pakiti nyingi za maziwa ya aina hiyo huandikwa kwamba zimeongezwa vitamini A na D.

Kwa upande wa Jeddah tahadhari ni kinyume chake: kiwango cha juu kinachokubalika kwa siku kwa mtu mzima ni mikrogramu 3,000, nacho hupitwa kwa sahani moja ya maini. Kwa watu wengi sahani ya mara mojamoja haina madhara, lakini mama mjamzito hushauriwa aepuke maini, hasa katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa wingi wa vitamini hii huweza kuharibu maumbile ya mtoto tumboni. Kwake yeye maboga, karoti na mchicha ni salama, maana mwili hugeuza karotini ya mimea kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji.