Hati za Maagizo ya Mashine, na Saa za Ruaha Mbuyuni

Tuseme mkulima wa vitunguu Ruaha Mbuyuni ana mashine ya kuvuta maji, nayo yaongozwa na kompyuta. Saa ya kuanza kazi haina budi kuandikwa katika hati ya maagizo. Akiandika 12:30, akikusudia alfajiri kwa hesabu yetu, maji yatatoka adhuhuri, jua likiwa utosini! Hivyo hati yataka nafasi ya maelezo.

Mwaka 2001 zilitokea taratibu mbili. JSON ya Douglas Crockford, Mmarekani, ni nyepesi, lakini mwenyewe aliyaondoa maelezo, kwa kuwa watu walikwisha kuyageuza kuwa maagizo ya siri. YAML yayaruhusu, tena yasomeka kama barua. Ila hujitia ujuzi: kwa kanuni za toleo la 1.1, 12:30 ile ile husomwa 750, yaani 12 mara 60, na 30 juu yake. Toleo la mwaka 2009 liliifuta kanuni hiyo, lakini programu nyingi zilishika desturi ya kale.

Mimi naichagua TOML, iliyoanzishwa na Tom Preston-Werner mwaka 2013. Tangu 2018 yaitambua saa kuwa saa, na kando ya 06:30:00 mkulima aweza kumwandikia mwanawe: saa kumi na mbili na nusu asubuhi.