Nasaba, Kiti na Pazia la Sinema

Katika Awara, filamu ya Raj Kapoor iliyotoka Bombay mwaka 1951 na kupendwa mno katika majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam, yumo hakimu anayeitakidi kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi na mwana wa mwungwana hana budi kuwa mwungwana, kumbe kijana mhalifu anayemdharau ni damu yake mwenyewe, ambaye hakimu alimfukuza mamaye kabla hajazaliwa. Sujata ya Bimal Roy, ya mwaka 1959, ilithubutu zaidi: binti wa wale wasioguswa, aliyelelewa katika nyumba ya Kibrahmini, ndiye ambaye damu yake yafaa kumwokoa mama mlezi.

Mzee wa Ufipa hahitaji mkalimani wa mambo hayo. Masimulizi ya nyanda zile, zilizoinuka baina ya ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa, yasema kwamba mwene, yaani mtawala, wa Milansi alipokuwa windoni walifika wanawake wageni, na mkewe, kwa hofu, akawapa kiti cha mumewe; tangu hapo enzi ikawa ya ukoo wao wa Twa, uliogawanyika baadaye katika Nkansi na Lyangalile, nao wa Milansi wakabakiwa na utangulizi wa matambiko. Wasimulizi wa nasaba aghalabu hawapendi kulikiri, lakini ni dhahiri: cheo kilichodaiwa kuwa cha damu kilianza kwa mtu kukalia kiti.

Sinema za mafunzo zilizotengenezwa Vugiri, kule Usambara, kati ya 1935 na 1937, hazikujishughulisha na maswali hayo ya nasaba. Meja Notcutt, aliyepata kusimamia mashamba ya mkonge, alipewa fedha za Carnegie kutoka Marekani, akamwonyesha Mwafrika mjinga aliyefukia akiba yake ikaibwa, na mwenye akili aliyeweka yake Posta. Ama ujira mdogo wa manamba, ambao miongoni mwao walikuwamo vijana wa Ufipa waliotembea hadi Tanga, huo haukutajwa.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliondoa utemi kote Tanganyika, na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ikaielekeza kamera kwa mnyonge. Fimbo ya Mnyonge, ya miaka ya 1970, yamhurumia maskini na kumwonyesha kijiji cha ujamaa kuwa kimbilio. Ni kazi yenye nia njema, wala siidharau, lakini hesabu yake hasa ni ya mwenye mali na asiye nayo. La nasaba likaachiwa sheria.