Sakafu za Boriti na Dhamana ya Mwenye Jengo

Mafaqihi wa madhehebu ya Hanafi waliijadili kwa kirefu mas-ala ya ukuta ulioinamia njia. Mwenye ukuta akitakiwa auvunje, akapata muda wa kutosha na asiuvunje, kisha ukaanguka na kudhuru watu, hapo dhamana huthibiti. Je, sakafu iliyooza ndani, isiyoonekana kwa macho, nayo ina onyo?

Historia ya Zanzibar inatujibu kuwa inalo. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofa zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti haifai kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba na virefu. Juu yake hupangwa mawe, yakamwagiwa chokaa na kupondwa mpaka yashikane. Uzito wote huo hutegemea ncha za boriti zilizozama ukutani. Paa likivuja, ncha hizo huoza kwanza, na mchwa humalizia.

Karne ya 19 ilileta chuma. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilichanganya nguzo za chuma, mawe na boriti. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, mnara wake na upande wa mbele viliporomoka, na watu wawili wakafariki. Hatumhukumu mtu hapa, tunachukua mazingatio.

Basi kabla ya kukarabati, tutambue kwanza sakafu ni ya aina gani. Chumba chembamba huashiria boriti. Mistari ya kutu inayojirudia darini huashiria chuma. Sakafu iliyobonyea katikati, au ukuta wenye unyevu pale boriti zinapoingia, ndiyo onyo lenyewe. Kumwaga saruji juu ya sakafu ya namna hiyo ni kuongeza mzigo na kufungia unyevu ndani.

Ndugu zetu wa Bariadi na Simiyu yote wako mbali na mikoko, lakini wakikarabati duka, madrasa au msikiti wa zamani, swali ni lile lile: hapa panabebwa na nini? Asiyejua amwite fundi ajuaye, afunue sehemu ndogo atazame. Aliyekwisha kuliona onyo hana udhuru wa kusema hakujua.