Shamba la Anathothi na Kilima cha Masoro

Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati, ambacho majengo yake yamo Masoro, upande wa mashariki wa Kigali, hakikuzaliwa hapo. Kilifunguliwa mwaka 1984 huko Mudende, karibu na Gisenyi, chini ya milima ya volkano; na Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, waliokimbilia humo kutafuta hifadhi waliuawa, masomo yakakoma, kisha chuo kikahamia Kigali, kwanza Gishushu na baadaye Masoro pia, ambako Kitivo cha Tiba kilizinduliwa mwaka 2019.

Kwa msomaji wa Biblia, kujenga upya baada ya maangamizi kunakumbusha sura ya 32 ya kitabu cha Yeremia. Ufalme wa Yuda ulikuwa katika mwaka wa 10 wa Sedekia, jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na nabii mwenyewe amefungwa katika ukumbi wa walinzi, Hanameli, mwana wa ami yake, alipomjia na kumtaka anunue shamba lililoko Anathothi kwa haki ya ukombozi, yaani desturi iliyompa ndugu wa karibu nafasi ya kwanza ya kununua ardhi ili isitoke katika ukoo. Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, karibu gramu 200, kwa ardhi ambayo tayari ilikuwa mikononi mwa adui (biashara ambayo dalali yeyote angeicheka), akaandika hati mbele ya mashahidi, nakala moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, na Baruku, mwandishi wake, akaziweka zote katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Tumaini kwa Mungu, katika simulizi hii, linachukua sura ya mkataba wenye bei, mashahidi na mahali pa kuhifadhiwa, jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka mno.

Hata hivyo nabii huyohuyo, katika sura ya 7, aliwakemea waliodhani kwamba hekalu lingewakinga huku wakimwaga damu isiyo na hatia, na mwaka 586 KK hekalu hilo lilichomwa moto. Onyo hilo linaigusa Rwanda kwa uchungu wa pekee, kwa kuwa mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani mchungaji Mwadventista aliyekuwa kiongozi wa kanisa lake magharibi mwa nchi, kwa kusaidia mauaji ya watu waliokuwa wamekimbilia Mugonero, katika kanisa na hospitali. Kwa hiyo majengo ya Masoro hayawezi kusomwa kama uthibitisho kwamba waumini walikuwa upande wa haki. Yanasomeka vyema zaidi kama hati ile ya Anathothi, iliyoandikwa na taifa lililokwisha kuhukumiwa.

Yeremia hakulilima shamba lake. Baada ya mji kuanguka, mabaki ya watu wake walimchukua pamoja na Baruku hadi Tahpanhesi, nchini Misri, na sura zinazofuata hazisemi lolote juu ya chombo kile cha udongo.