Vitamini D na nimonia kali: mambo ambayo mama na mlezi wanapaswa kujua

Tangu janga la UVIKO-19, wazazi wengi wamesikia kwamba vitamini D huzuia magonjwa ya mapafu. Wengine hununua matone dukani mtoto akianza kukohoa. Je, yanasaidia?

Jibu fupi ni hili: mtoto anahitaji vitamini D ili akue vizuri, lakini vitamini D si dawa ya nimonia. Mtoto anayepumua kwa shida apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Vitamini D hutoka wapi?

Sehemu kubwa hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo. Kiasi kingine hutoka kwenye samaki wenye mafuta kama vibua na dagaa wa baharini, kiini cha yai na maini. Maziwa ya mama ni chakula bora kwa mtoto mchanga, ila yana vitamini D kidogo.

Vitamini D husaidia mwili kutumia madini ya kalisi kujenga mifupa. Pia hutumiwa na chembe za kinga zinazopambana na vijidudu. Mtoto aliyepungukiwa sana hupata ugonjwa wa mifupa laini: miguu hupinda (matege), vifundo vya mikono huvimba, na huchelewa kutembea.

Upungufu unahusianaje na nimonia?

Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliofanyika Addis Ababa, Ethiopia. Watafiti walilinganisha watoto 500 wenye nimonia na wengine 500 wasio na nimonia. Kati ya wenye nimonia, 210 walikuwa na ugonjwa wa mifupa laini. Kwa wasio na nimonia, walikuwa 20 tu.

Sababu moja inaeleweka kirahisi. Mbavu zikiwa laini na misuli ikiwa dhaifu, mtoto hashindi kazi ya kupumua kwa nguvu wala kukohoa makohozi yatoke.

Hata hivyo, mambo mawili kuonekana pamoja hakuthibitishi kwamba moja limeleta lingine. Mtoto mwenye utapiamlo hupungukiwa na mengi kwa wakati mmoja. Mtoto anayeugua mara kwa mara hatoki nje kupata jua. Na ugonjwa mkali wenyewe unaweza kushusha kiwango cha vitamini D kinachoonekana kwenye kipimo cha damu. Ndiyo maana wataalamu hufanya majaribio: kundi moja hupewa vitamini D, lingine hupewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa.

Majaribio yameonyesha nini?

- Kabul, Afghanistan. Zaidi ya watoto wachanga 3,000 walishiriki. Waliopewa vitamini D walipata dozi kubwa kila baada ya miezi 3, kwa miezi 18. Hawakupata nimonia kidogo kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012.
- Brazil. Watu wazima 240 waliolazwa kwa UVIKO-19 walishiriki. Waliopewa dozi moja kubwa ya vitamini D hawakutoka hospitali mapema kuliko wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.
- Uchambuzi wa mwaka 2017. Majaribio 25 yalipounganishwa, ilionekana nafuu ndogo ya kujikinga, hasa kwa waliokuwa na upungufu mkubwa na waliotumia dozi ndogo kila siku au kila wiki.
- Uingereza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022, lenye watu wazima zaidi ya 6,000, halikuona kinga hiyo.

Kwa hiyo, kuziba upungufu ni jambo jema kwa mifupa na afya ya mtoto. Lakini kumpa dozi kubwa mtoto ambaye tayari anaumwa hakuchukui nafasi ya matibabu.

Nani anahitaji matone ya vitamini D?

Muulize mhudumu wa afya ikiwa mtoto wako:

- amezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo;
- hukaa ndani muda mwingi au hufunikwa mwili mzima akitolewa nje;
- ana dalili za mifupa laini;
- anaishi Ulaya au Amerika Kaskazini, ambako jua la majira ya baridi ni hafifu. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Nchini Marekani, madaktari wa watoto hushauri uniti 400 kila siku kwa watoto wanaonyonya.

Soma chupa kwa makini. Baadhi ya chupa zina dozi ya siku nzima katika tone moja tu. Vitamini D ikizidi huleta kutapika, kufunga choo, kiu kali na kukojoa sana, na inaweza kuharibu figo.

Jua pia liwe la kiasi. Mtoto akitolewa nje kwa muda mfupi wakati jua si kali, uso, mikono na miguu ikiwa wazi, inatosha. Usimwanike mtoto juani. Mtoto mwenye ualbino akingwe na jua, kwa kuwa ngozi yake huungua haraka.

Dalili za hatari

Utafiti wa nchi 7 za Afrika na Asia, ikiwemo hospitali ya Kilifi nchini Kenya, ulichapishwa mwaka 2019. Ulionyesha kwamba nimonia kali nyingi za watoto zilitokana na virusi, na virusi vya RSV peke yake vilihusika kwa karibu theluthi moja. Mtoto wa namna hii anaweza kuhitaji oksijeni, ambayo haipatikani nyumbani.

Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa ni:

- pumzi 60 au zaidi, chini ya miezi 2;
- pumzi 50 au zaidi, miezi 2 hadi 11;
- pumzi 40 au zaidi, mwaka 1 hadi 5.

Mpeleke kituo cha afya ukiona hivyo. Usisubiri hata kidogo ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, anakoroma au kuguna akipumua, midomo imekuwa ya bluu, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri.

Kinga iliyothibitishwa

- Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo.
- Kamilisha chanjo zote, zikiwemo ya nimonia (PCV), pentavalenti na surua.
- Mweke mbali na moshi wa kuni, mkaa na sigara.
- Nawa mikono kwa sabuni, na mwenye mafua asimbusu mtoto mchanga.
- Mpe mlo kamili kuanzia miezi 6, na fuatilia uzito wake kliniki.

Ukienda kituo cha afya, beba kadi ya kliniki na chupa ya dawa au matone yoyote uliyompa mtoto, ili mhudumu ajue amekunywa nini na kwa kiasi gani.