Mzizi, Bomba na Kuta za Thimlich

Desemba iliyopita choo cha dani kule Homa Bay kiligoma. Fundi alichimba, akavuta kutoka ndani ya bomba shungi la mizizi kama nywele zilizolowa. Mzizi haukutoboa bomba, alituambia. Ulifuata unyevu, ukaingilia kwenye kiungo kilicholegea. Baba mdogo akataka mkuyu ukatwe siku hiyo hiyo. Dani akakataa katakata: "Mti ulikuwa hapa kabla ya bomba lenu."

Nikakumbuka Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Zile kuta za mawe zinakadiriwa kujengwa karne ya 16, bila saruji wala udongo wa kushikiza. Zina urefu wa mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa mita 1 hivi. Jiwe linashikwa na jiwe mwenzake, basi. Jina lenyewe kwa Dholuo linataja msitu mnene wa kutisha, kwa hiyo miti haikuja jana.

Watu waliishi humo hadi karne ya 20, kisha wakahama. Msitu ukarudi. Mzizi mwembamba hupenya kati ya mawe, hunenepa, husukuma jiwe moja. Likitoka, lililo juu yake linakosa pa kukaa. Mwaka 2000 World Monuments Fund iliiweka Thimlich kwenye orodha ya maeneo ya kale yaliyo hatarini. Ukarabati ukafanyika, na mwaka 2018 UNESCO ikaitambua kuwa Urithi wa Dunia.

Kwa nini wasifyeke tu miti yote? Kwa sababu mzizi mnene ukifia ukutani huoza na kuacha pengo, na ukiung'oa unatoka na mawe. Dawa ni kuukata ungali mche. Hiyo ni kazi ya mtu aliyepo kila msimu, na wenyeji wa Thimlich walikuwepo: jiwe likidondoka, kuna mkono wa kulirudisha. Kuta zilianza kuanguka siku mkono huo ulipoondoka.

Kwa dani tulihamisha bomba mbali na mkuyu, viungo vikazibwa vizuri. Fundi akasema shimo likaguliwe kila baada ya miezi sita. Nikauliza kwenye grupu ya familia nani atakuwa akienda. Watu 23 wamesoma. Hadi leo hakuna aliyejibu, na mimi nikiwemo.